Natumikaka, niko natumika: namna ya kusema «work» katika nyakati za sasa

BARAKA – Anayetafuta kazi katika shirika la kibinadamu huko Baraka ao Fizi anaweza kuulizwa maswali kwa Kiingereza. Jibu lake linabebwa na kitenzi kimoja: «work», yaani kutumika ao kufanya kazi. Akikosea wakati wa kitenzi, muulizaji anaweza kuandika kwamba alishaacha kazi, kumbe bado iko kazini.

Shida inatoka wapi? Shuleni watu wamesoma kwa Kifaransa, na «je travaille» inasema mambo matatu: kazi ya kila siku, kazi ya saa hii, na kazi iliyoanza zamani ikiwa inaendelea. Kiingereza kinayatenganisha. Bahati nzuri, Kiswahili cha mtaani nacho kinayatenganisha.

1. Natumikaka: «I work»
Hii ni kazi ya kawaida, ya kila siku. Kwa «you», «we» na «they» kitenzi hakibadiliki. Kwa «he» na «she» kinaongezwa «s»: «she works». Hiyo «s» ndiyo wengi wanasahau. Katika kukana ao kuuliza, «s» inahamia mbele: «she does not work», «does she work?»

2. Niko natumika: «I am working»
Hii ni kazi ya saa hii, ao ya siku hizi tu. Yeye: «is working». Wewe, sisi, wao: «are working». Usiseme «I am work» wala «I working». Vipande vyote viwili vinahitajika.

3. Nimetumika: «I have worked»
Yeye: «has worked». «I have worked in Lusenda since 2019» maana yake alianza 2019 na bado anatumika kule. Lakini «I worked in Lusenda» ni nilitumika: kazi ilikwisha. Hapa ndipo mtu anaweza kupoteza nafasi.

4. Nimekuwa natumika: «I have been working»
Inakaribia ile ya tatu, ila inakaza kwamba kazi haijasimama.

Neno la Kifaransa «depuis» nalo linadanganya. Kwa Kiingereza yako mawili: «since» inaenda na siku ao mwaka wa kuanza, «for» inaenda na muda. Kwa hiyo ni «since 2019», lakini «for three years». Na «I work here since 2019» ni Kifaransa kilichovaa nguo za Kiingereza.

Kongo ilitia sahihi kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, na Kiingereza ni moja ya lugha zake rasmi. Basi kabla ya mahojiano, jibu kwanza kwa Kiswahili cha nyumbani: natumikaka, niko natumika, ao nimetumika? Ukishajua ni ipi, Kiingereza chake kiko hapo juu.