Meli Ndani ya Masanduku: Vyuma Vilivyovuka Ziwa Hadi Uvira

Mwishoni mwa Aprili 1858 mitumbwi miwili ilitia nanga Uvira, kwenye Ziwa Tanganyika, ikiwa imewabeba wapelelezi Richard Burton na John Speke. Walitaka kufika mdomo wa mto Ruzizi, lakini wapiga makasia hawakukubali kusogea mbele. Waliogopa watu wa huko. Wageni hao wakaambulia maelezo ya wana wa mtawala Maruta kwamba Ruzizi huingia ziwani, haitoki. Safari ilipoanza walikuwa na mashua yao ya chuma, iliyotengenezwa kwa vipande ili ibebwe hadi bara. Wapagazi hawakutosha, ikaachwa pwani, na ndiyo maana huko Ujiji walilazimika kukodi mitumbwi kwa Kannena, mkuu wa Kawele, na kwenda pale tu alipotaka yeye.

Mpelelezi Henry Stanley naye almanusura akwame hivyo hivyo. Mashua yake, Lady Alice, ilipofika Unguja mwaka 1874, kila kipande kilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 120. Mpagazi wa misafara ile alibeba takriban frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ikabidi seremala wa meli aliyekuwa pale aipunguze mashua na kuigawa upya ili ibebeke. Mwaka 1876 ilikuwa ikielea Tanganyika.

Lakini kazi kubwa kuliko zote ilifanywa na kiwanda cha Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani. Mwaka 1913 mafundi wake waliunda meli nzima, Graf von Götzen, kisha wakaifungua kipande kwa kipande na kuipanga ndani ya masanduku yapatayo 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda reli, na meli ikaundwa upya Kigoma chini ya Anton Rüter na wenzake wawili kutoka kiwandani. Ilishushwa majini Februari 1915. Katika kazi ya namna hiyo, sanduku moja likipotea au likiandikwa vibaya, mafundi wanakaa mikono mitupu miezi kadhaa wakingoja kipande kutoka Ulaya. Na wakati ule Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuifunga njia ya bahari.

Julai 1916, Wajerumani walipoikimbia Kigoma, waliizamisha meli hiyo wenyewe. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Hapa ndipo somo lote la kufunga vyuma lilipo. Waingereza walipoiibua mwaka 1924, baada ya miaka mingi majini, mitambo ilikutwa bado inafaa. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, na mitambo ya mvuke iliendelea kuisukuma hadi miaka ya 1970 ilipobadilishwa kwa dizeli. Mwaka 1997 Liemba ilifunga safari 22 kati ya Kigoma na Uvira, ikiwarudisha kwao wakimbizi zaidi ya 75,000 waliokuwa wamekimbia vita vya Zaire. Wengi walioshuka siku zile bila shaka hawakujua kwamba chombo kilichowabeba kiliokolewa na grisi ya mafundi wa 1916.

Uvira yenyewe ilikua kwa mizigo ya kuhamishwa. Wabelgiji, waliopewa na Waingereza maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa mkataba wa 1921, walileta bidhaa kwa meli hadi Kalundu, bandari ya Uvira; kutoka hapo reli ndogo ilizipeleka Kamanyola, kisha malori yakapanda milima kuelekea Bukavu. Reli hiyo ilifungwa mwaka 1958. Mwenye mashine Bukavu alijua kwamba sanduku lake limeshikwa na mikono mingi: melini, garimoshini, melini tena, garimoshini tena, mwisho lorini. Chuma huvunjika zaidi pale kinaponyanyuliwa na kushushwa kuliko kinapokuwa safarini.

Injini kuukuu za Japani na za Ghuba zinazoshuka Dar es Salaam hupita sehemu kubwa ya njia hiyo hiyo: Kigoma, boti, Kalundu. Nyingine huzunguka kwa barabara kupitia Bujumbura na mpaka wa Kavimvira. Ziwani hazisumbuliwi na chumvi ya bahari, lakini mawimbi huzilowesha kwenye boti za wazi, na gatini nako hakuna uhakika: ziwa lilipofurika mwaka 2024, maji yaliingia hadi bandarini Kalundu.

Kwa hiyo anayeagiza injini asiishie kuuliza bei. Oili imwagwe yote. Matundu ya hewa, maji na mafuta yazibwe, maana mchanga au tone la maji likiingia kwenye silinda, injini nzima inaweza kufika Uvira ikiwa imekwama. Sehemu zilizochongwa zing'aazo zipakwe grisi. Injini ifungwe juu ya fremu ya mbao, isilale juu ya karta yake, yaani bakuli la oili lililo chini, kwa sababu karta mara nyingi ni bati jembamba tu na haikuundwa kubeba uzito. Nati na bolti zitiwe kwenye mfuko mmoja ufungwe hapo hapo kwenye injini, na taa za kioo, zikiagizwa pamoja nayo, zisafiri katika sanduku lake pekee. Kisha jina la mwenye mali liandikwe kwa rangi kwenye chuma chenyewe, kwa kuwa karatasi ikilowa hubanduka. Fundi wa kule Dar es Salaam au Sharjah akidai nyongeza kwa kazi hiyo, alipwe.