Seremala wa Barrow

Juu ya mazizi ya farasi ya jumba la Brocklesby, Lincolnshire, Uingereza, ipo saa ya mnara iliyotengenezwa mnamo 1722, na hadi leo inakwenda bila kutiwa mafuta. Aliyeiunda ni John Harrison, seremala mwana wa seremala, aliyezaliwa 1693 na kukulia kijiji cha Barrow.

Mafuta ya zama zile yaliganda na kuchafua saa. Harrison akaenda kwenye miti aliyoijua. Sehemu zinazosuguana alizichonga kwa mti mgumu wa Karibi, ambao utomvu wake huzilainisha wenyewe. Magurudumu aliyafanya ya mwaloni, na meno akayapachika kwa mafungu, nyuzi za mbao zikielekea ncha ya jino, lisije likakatika. Aliyeshika randa na patasi hahitaji kuelezwa zaidi.

Alifanya kazi na mdogo wake, James. Mke wa John, Elizabeth, alifariki 1726 akimwachia mtoto wa kiume. Mwaka huohuo akaoa tena, naye huyo akiitwa Elizabeth, wakaishi pamoja karibu miaka 50. Mwana wao William alizaliwa 1728.

Bunge lilikuwa limeahidi, tangu 1714, hadi pauni 20,000 kwa atakayewawezesha mabaharia kujua longitudo. Latitudo waliipata kwa jua na nyota. Longitudo ilidai wajue, wakiwa katikati ya bahari, ni saa ngapi huko walikotoka, na saa ya pendulo haivumilii mawimbi. Saa ya kwanza ya bahari ya Harrison, ya 1735, ilikuwa na uzito wa kilo 34. Ya tatu ilimla miaka 19. (Sijui mke gani mwingine angevumilia.) Mtoto wa kwanza alikufa kijana, William akakulia karakanani, akawa mkono wa babake.

Ya nne, ya 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu, kilo moja na nusu. Mzee hakuweza tena safari, hivyo 1761 William ndiye aliyepanda meli kwenda Jamaika. Baada ya siku 81 saa ilikuwa imechelewa sekunde 5. Wakubwa waliosimamia zawadi wakasema ni bahati. William akaipeleka tena, Barbados, 1764, ikatimiza sharti la zawadi. Hata hivyo mwaka uliofuata walitoa nusu tu ya zawadi, na masharti mapya juu yake. Kwangu mimi huo ulikuwa ubishi wa wasomi wasiotaka kushindwa na fundi mbao.

William akafikisha malalamiko kwa Mfalme George III, aliyeijaribu mwenyewe saa ya tano. Mwaka 1773 Bunge likatoa pauni 8,750. Mzee alikuwa na miaka 80.

Alifariki tarehe 24 Machi 1776. Amezikwa Hampstead, London, na kaburi ni moja: yeye, Elizabeth wa pili na William.