Kidani cha Bi Aisha na Mashahidi Wanne: Pale Ulimi Unapokuwa Jinai



Leo nataka tuzungumze historia, lakini nitaanzia uwani kwetu. Miaka mingi nyuma tulikuwa tunasaga singo ya binamu yangu, zimebaki wiki mbili afunge ndoa. Mmoja wa wageni akainama akasema kwa sauti ya chini kuwa kuna mtu kamuona bibi harusi akiteremka kwenye gari ya mwanamme usiku wa manane. Hakusema nani kamuona. Na sisi hatukuuliza. Mimi usiku ule ule nikamhadithia dada yangu, na nikamwambia asimwambie mtu.

Hazikupita siku nne, maneno yakafika upande wa bwana harusi. Posa ikarudi. Baadaye ikajulikana kuwa gari ile ilikuwa ya mjomba wake, aliyemchukua hospitali alikokuwa akimuuguza bibi yetu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Singo tukaimwaga, nguo zikakunjwa, na binamu yangu akakaa ndani mwaka mzima.

Ukituuliza siku ile ni kosa gani kubwa, sote tungejibu zinaa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kuwa kosa lenye adhabu lilikuwa limefanyika pale pale juu ya mkeka, na wenye kulifanya ni sisi. Dini yetu inalijua kosa hilo kwa jina lake: qadhf, yaani kumsingizia mtu zinaa bila ya mashahidi. Na historia yake inaanza na kidani cha bibi mmoja kijana.

Kidani kilichopotea jangwani

Ilikuwa mwaka wa 5 au wa 6 Hijria, kiasi cha 627 Miladia. Mtume (S.A.W.) alikuwa anarudi Madina kutoka msafara wa Banu Mustaliq, na Bi Aisha (R.A.) alikuwa pamoja naye. Wakati ule aya ya hijabu ilikuwa imeshateremka, kwa hiyo alisafiri ndani ya kibanda kidogo kinachofungwa juu ya mgongo wa ngamia.

Usiku walipopumzika, alitoka kwenda haja. Alipogusa kifua akaona kidani chake cha mawe ya Yemen hakipo, akarudi kukitafuta. Huku nyuma watu wakakinyanyua kile kibanda na kukifunga juu ya ngamia wakidhani yumo, kwani alikuwa binti mdogo, mwepesi. Aliporudi akakuta uwanja mtupu. Akakaa pale pale akijua watamrudia, usingizi ukamchukua.

Swahaba Safwan bin al-Muattal alikuwa amebaki nyuma ya jeshi. Alfajiri akamkuta, akamtambua kwa kuwa alimuona kabla ya amri ya hijabu. Alichotamka ni istirjai tu, ile tunayoisema unapotufika msiba. Akampigisha magoti ngamia wake, Bi Aisha akapanda, naye akakamata hatamu akatembea kwa miguu mpaka wakalifikia jeshi adhuhuri.

Hilo tu ndilo lililotokea. Lakini Abdullah bin Ubayy, kiongozi wa wanafiki wa Madina, alilipata alichokuwa akikitafuta. Maneno yakaanza kutembea. Na jambo la kusikitisha, dada zangu, hayakubebwa na wanafiki peke yao. Waislamu wazuri nao waliyabeba: Mistah, jamaa masikini aliyekuwa akilishwa na Abubakar (R.A.) baba yake Bi Aisha, Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, na Hamna bint Jahsh, ndugu wa Bi Zaynab mke mwenzake Bi Aisha.

Bi Aisha mwenyewe alikuwa kitandani, mgonjwa wa mwezi mzima, hajui lolote. Alichokiona ni kwamba Mtume hana tena ule upole aliouzoea kila akiugua. Alikuja kuambiwa na mama yake Mistah, usiku mmoja walipotoka pamoja, mama yule alipojikwaa kwenye nguo yake na kumlaani mwanawe. Akaomba ruhusa aende kwa wazee wake, akalia mpaka akadhani ini lake litapasuka.

Hebu tuangalie kesi ile ilivyoendeshwa. Mtume (S.A.W.) alikuwa mkuu wa dola, na pia mume aliyeumizwa. Hakumpiga mkewe, hakumfungia, hakumtaliki kwa hasira. Aliuliza. Alimuuliza Usama bin Zayd, akasema hajui ila kheri. Alimuuliza Barira, mtumishi wa nyumbani, akasema aibu pekee aliyoiona kwa Bi Aisha ni kuwa ni msichana anayesinzia akauacha unga uliokandwa, mbuzi akaja akaula. Alimuuliza Bi Zaynab, ukewenza na yote, naye akajizuia kusema asichokiona wala kukisikia. Bi Aisha mwenyewe baadaye alimsifu kwa uchamungu huo.

Ndipo zikateremka aya za Surat An-Nur kumsafisha. Ndani yake muna lawama kwa Waislamu: kwa nini walipoyasikia, wanaume na wanawake, hawakudhaniana wema na kusema huu ni uzushi wa wazi? Na kwa nini wasemaji hawakuleta mashahidi wanne? Kwa mujibu wa riwaya mashuhuri, Mistah, Hassan na Hamna walipigwa bakora 80 kila mmoja.

Kigezo cha watu wanne

Wengi tunaijua sheria ya mashahidi wanne kama ni sheria ya kumuadhibu mzinifu. Ukiisoma pamoja na kisa chake, utaona imeelekezwa pia kwa mwenye kusema. Aya ya nne ya sura hiyo inamuweka mtu anayewatuhumu wanawake waliojihifadhi mbele ya mambo matatu asipoleta mashahidi wanne: bakora 80, ushahidi wake usikubaliwe tena, na jina la ufasiki. Aya inayofuata inafungua mlango wa toba.

Mafakihi wakaongeza uzito. Mashahidi hao lazima wawe waadilifu na wawe wamekiona kitendo chenyewe kwa macho, waziwazi. Kumuona mtu anaingia mlangoni hakutoshi. Kuona gari hakutoshi. Mwenye akili atauliza: nani basi ataweza kuthibitisha? Karibu hakuna. Na wanazuoni wengi wanatwambia hiyo ni sehemu ya hekima yake. Sheria inakitaja kitendo kuwa ni dhambi kubwa, halafu inaufunga mlango wa kuwapeleleza waja na kuwafedhehesha.

Mfano wa mwanzo ulitokea wakati wa Sayyidna Umar (R.A.), kiasi cha mwaka wa 17 Hijria. Watu wanne walimshitaki gavana wa Basra. Watatu wakatoa ushahidi, wa nne alipofika hakuweza kusema kuwa amekiona kitendo chenyewe. Umar alimuondoa gavana kazini, lakini waliopigwa bakora ni wale mashahidi watatu. Wanaume wazima, mmoja wao swahaba, kwa sababu idadi haikutimia. Sasa jipime na sisi tunaosema "nimesikia".

Mimba ni ushahidi?

Hapa ndipo dini ile ile inapoweza kuhukumu kwa njia mbili, kutegemea nani anaisoma. Imamu Malik aliona mimba ya mwanamke asiye na mume ni dalili ya zinaa, isipokuwa pawe na ishara ya kulazimishwa. Imamu Shafi, ambaye ndiye tunayemfuata wengi visiwani, na Imamu Abu Hanifa, walisema mimba peke yake haithibitishi. Huenda alilazimishwa, huenda kuna utata, na hudud huepukwa palipo na shaka.

Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kuanzia 1999 na 2000 majimbo ya kaskazini mwa Nigeria, ambako wengi ni Wamaliki, yalirudisha hukumu za sharia katika jinai. Mwaka 2002 katika jimbo la Katsina, Amina Lawal, mwanamke aliyeachika na akazaa, alihukumiwa kupigwa mawe. Mwanamme aliyetajwa alikana, akaachiwa kwa kukosa ushahidi. Mawakili wake hawakuikimbia dini. Waliingia kwenye fiqhi yenyewe: wakahoji ungamo lake lilichukuliwaje, na kama alipewa nafasi ya kujitetea. Septemba 2003 mahkama ya rufaa ya sharia ikaifuta hukumu ile, majaji wanne kwa mmoja.

Pakistan, nchi ya Wahanafi wengi, iliweka sheria za hudud mwaka 1979 chini ya Jenerali Zia ul-Haq. Sheria ya qadhf ilikuwemo katika zile zile za 1979, lakini iliyoshika kasi ni ile ya zinaa. Mwaka 1983 binti mmoja asiyeona, aliyepata mimba kwa kubakwa, alihukumiwa bakora na jela, hali waliomtenda wakaachiwa kwa kukosa ushahidi. Mahkama ya juu ya sharia ilimuachia huru baada ya watu kupiga kelele. Ilichukua mpaka 2006 kwa bunge kuuondoa ubakaji kwenye sheria ile na kuwabana wanaoshitaki kiholela.

Sheria iliyoteremka kumlinda mwanamke aliyesingiziwa iligeuzwa mkuki wa kumchoma. Qurani haikubadilika. Kilichobadilika ni macho ya watu: walitazama dhambi ya mwanamke wakaacha kutazama dhambi ya ulimi.

Na huku kwetu visiwani

Zanzibar ya masultani kadhi alikuwa na sauti kubwa katika hukumu. Baada ya Uingereza kuweka himaya yake mwaka 1890, jinai ikaondoka kidogo kidogo mikononi mwa makadhi ikenda kwenye mahkama za kiserikali. Makadhi wakabaki na ndoa, talaka, mirathi na mfano wa hayo, na ndivyo ilivyo mpaka leo. Kwa hiyo hapa kwetu hakuna atakayepigwa bakora kwa zinaa wala kwa qadhf.

Lakini jicho la dini halikuondoka na makadhi. Mwaka 1985 ilipitishwa sheria iliyokusudia kulinda wari na wajane, na ndani yake msichana asiye na mume akionekana ana mimba aliweza kufungwa jela. Tumbo likawa ndilo shahidi. Ajabu yake, katika nchi ya Mashafi, tulishika msimamo ambao Imamu wetu mwenyewe aliukataa! Sheria hiyo ilibadilishwa 2005, kifungo kikaondolewa na kuwekwa kazi za kijamii, na wasichana wakapata nafasi ya kurudi skuli.

Hukumu nyengine, ile ya uwani, haijabadilishwa na baraza lolote. Siku hizi hata mkeka hauhitajiki. Sauti ya nusu dakika kwenye simu inafika Pemba, Dubai na Muscat kabla ya mtu hajamaliza kunywa chai.

Bibi harusi, chukua haya

Wewe unayejitayarisha, zawadi moja ya kuingia nayo nyumbani kwako ni kujua haki yako. Heshima yako haiwi na doa kwa sababu mtu amesema. Anayetakiwa kuleta ushahidi ni msemaji. Ukisingiziwa, huna deni la kuwathibitishia watu, na Bi Aisha alipozidiwa na maneno alijitetea kwa kuikumbuka subira ya Nabii Yaaqub, akamuachia Mola wake.

Na ukiwa upande wa wanaosikiliza, mkumbuke Abu Ayyub na mkewe Umm Ayyub. Maneno yalipofika nyumbani kwao, Abu Ayyub alimuuliza mkewe kama yeye angeweza kulifanya jambo lile. Akasema la, wallahi. Akamjibu kuwa basi Aisha ni bora kuliko wewe. Kesi ikaishia pale chumbani. Hivyo ndivyo mume na mke wanavyosaidiana kuzima moto.

Na kama wewe ni kama mimi, uliyewahi kuyapitisha maneno, mlango haujafungwa. Abubakar aliapa hatamsaidia tena Mistah, ikateremka aya inayowataka wenye uwezo wasamehe ikiwa wanapenda Allah awasamehe. Akamrudishia posho yake. Kwa aliyemsingizia bintiye!

Mimi nilichukua miaka tisa kwenda kwa binamu yangu. Nilimwambia kuwa usiku ule mmoja wa waliosema nilikuwa mimi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaniambia alikuwa anajua. Alikuwa akisubiri niseme mwenyewe. Akanimiminia chai.

Alhamdulillah, leo ni mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Lakini mwaka ule aliokaa ndani hakuna mahkama itakayomrudishia, na mimi nimo miongoni mwa waliouchukua.

Allah azihifadhi heshima zetu na ndimi zetu, na awajaalie maharusi wetu wote nyumba zenye sitara. Amin.