Mwalimu wa Soka Hutoka Wapi? Njia ya Selemani Matola na Somo Lake kwa Masasi na Newala

Msimu wa 2019/20 ulipofungwa, Ndanda FC ilishuka kutoka Ligi Kuu, iliyoiingia mwaka 2014. Timu hiyo ilikuwa na makao Mtwara mjini na ikicheza Nangwanda Sijaona, lakini jina lake ni la Ndanda, wilayani Masasi, palipo na misheni ya Wabenediktini tangu 1906. Kwa hiyo anguko lake liliwauma watu wa Masasi, na wa Newala huko juu uwandani, kama anguko la timu ya nyumbani. Maelezo yaliyozoeleka ni ukata. Ukata ulikuwepo, sikatai. Lakini haujibu kwa nini miaka sita ya Ligi Kuu haikuacha nyuma yake kitu cha kuanzia upya. Hoja yangu ni kwamba kusini tulijenga timu bila kujenga walimu wa timu.

Njia ya Selemani Matola inaonyesha mwalimu anavyopatikana. Alikuwa kiungo na nahodha wa Simba, mmoja wa kizazi kilichoivua Zamalek ubingwa wa Afrika mwaka 2003 kwa mikwaju ya penalti jijini Cairo. Kiungo hucheza akitazama pande zote mbili: mabeki wanampa mpira, washambuliaji wanaudai. Hata hivyo, nafasi ya uwanjani haimfanyi mtu kuwa kocha, na wapo viungo hodari walioshindwa benchi. Kilichomkomaza Matola ni Lipuli ya Iringa, timu isiyo na mfuko mnene, aliyoiongoza kuitoa Yanga katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho na kufika fainali, Juni 2019. Fainali hiyo ilichezwa Ilulu, Lindi, jirani kabisa na sisi, na Azam ikashinda 1-0. Mwishoni mwa mwaka huo alirudi Simba kuwa kocha msaidizi.

Mpinzani atasema: Lipuli nayo ilishuka msimu huohuo na Ndanda, basi mwalimu alisaidia nini? Swali ni zito, lakini jibu lake linaipa nguvu hoja hii. Matola alikuwa ameshaondoka, na klabu yenye mwalimu mmoja tu humpoteza pamoja na ujuzi wake wote. Mwingine atasema kwamba mzawa hubaki msaidizi tu. Kweli, tangu Matola aingie benchi la Simba, klabu hiyo imepitisha makocha wakuu kutoka Ubelgiji, Ufaransa, Hispania, Brazil na Algeria, akiwemo Mhispania Pablo Franco, huku yeye akikabidhiwa timu kwa muda tu. Naona hapo upungufu wa uthubutu wa viongozi. Usaidizi wenyewe ni shule: Mikel Arteta, kiungo wa Kihispania, alikaa zaidi ya miaka mitatu chini ya Guardiola kabla ya kukabidhiwa Arsenal. Naye Xabi Alonso, mwenye medali ya Kombe la Dunia, alianza na watoto wa Real Madrid, akaenda timu ya pili ya Real Sociedad na kuipandisha daraja mwaka 2021, ndipo Leverkusen ikamwita. Hispania ina ngazi nyingi za chini ambako kocha anaweza kukosea, akajifunza, bila kazi yake kuishia hapo.

Masasi na Newala hazikosi ngazi hizo, ila ngazi zenyewe hazijaunganishwa. Michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, hukusanya vijana kila mwaka, na anayewasimamia ni mwalimu wa shule, mara nyingi bila mafunzo ya ukocha. Chuo cha Ualimu Kitangali kiko Newala kwenyewe. Kozi ya awali ya ukocha ikifanyika pale wakati wa likizo, mwalimu wa Luchingu au Chiungutwa hatalazimika kusafiri hadi Dar es Salaam kutafuta cheti. Gharama yake ni ndogo kuliko usajili wa mshambuliaji mmoja wa Ligi Kuu, na mshambuliaji huyo huondoka mkataba ukiisha. Mkulima wa korosho hahitaji kufafanuliwa hesabu hiyo: anajua mche unachukua miaka kuzaa, na bado anaupanda.