Zote Umeziita Moja

Mwaka 2004 Mmarekani John Gruber alitoa Markdown, mtindo wa kuandika maandishi matupu yenye alama chache, kisha programu ikayageuza kuwa ukurasa wa wavuti. Kwenye orodha zake, ukiandika 1, 1, 1, ukurasani zinatoka 1, 2, 3. Ukichomeka hoja katikati, huna haja ya kuhesabu upya. Mimi mvivu nikanogewa.

Juzi nikamtumia rafiki rasimu ya uhakiki kabla sijaigeuza. Akajibu: “Ndugu yangu, hoja ya nne siikubali. Au ni ya kwanza? Zote umeziita moja!”

Nikacheka, kisha nikaona haya. Gruber mwenyewe alitaka maandishi yasomeke vizuri hata kabla ya kugeuzwa. Sasa nahesabu mwenyewe. Programu itajipangia; msomaji je?