Jina la gavana katika majalada ya kigeni

Septemba 1992, stesheni ya reli ya Likasi, mji wa jimbo la Shaba (Katanga), ilikuwa imegeuka kambi. Makumi ya maelfu ya Wakasai walilala ndani na kandokando yake, pamoja na masufuria na magodoro waliyowahi kuyaokoa, wakingoja treni ya kuwapeleka Mwene-Ditu. Wengi walingoja kwa wiki nyingi. Baadhi yao, hasa watoto, walikufa kwa maradhi kabla treni haijafika.

Wengi wao hawakuwahi kuishi Kasai. Wazee wao waliajiriwa na kampuni ya madini ya Union Minière na reli ya BCK enzi za Wabelgiji, mji ulipoitwa Jadotville. Lakini tarehe 15 Agosti 1992 Kongamano Kuu la Taifa mjini Kinshasa lilimchagua Étienne Tshisekedi, Mluba wa Kasai, kuwa waziri mkuu, akichukua nafasi ya Nguz a Karl-i-Bond wa Shaba. Likasi ikawaka. Vijana wa JUFERI, jeshi la mtaani la UFERI, chama cha Nguz, wakaanza kuwatoa watu majumbani.

Gavana wa Shaba alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza, kigogo wa chama hichohicho. Aliwaita Wakasai “bilulu”. Nje ya Katanga neno hilo huhitaji mkalimani. Likasi kila mtoto anajua kuwa ni wadudu, na anajua wadudu hufanywa nini.

Wakalimani walipatikana. Sheria ya Marekani inaitaka Wizara ya Mambo ya Nje ipeleke bungeni kila mwaka ripoti ya haki za binadamu ya kila nchi, na katika kurasa za miaka hiyo kuhusu Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, uchochezi wa gavana umeandikwa, kwa lugha kavu ya ofisini. Kanada nayo ilikuwa na sababu zake: bodi yake ya uhamiaji na wakimbizi ilikusanya maelezo kuhusu JUFERI ili maofisa wapime madai ya waombaji hifadhi. Hotuba iliyotolewa kwa Kiswahili katika mji wa shaba ikawa kipimo cha hatima ya mtu aliyeketi mbele ya meza huko Amerika ya Kaskazini.

Umoja wa Mataifa ulichelewa. Mjumbe wake maalumu, Roberto Garretón, aliteuliwa mwaka 1994. Ripoti kubwa ya Umoja huo juu ya Kongo, iliyotolewa Oktoba 2010, inahesabu maovu kuanzia Machi 1993. Kolwezi, iliyofukuza Wakasai wake mwezi huo, imo. Agosti na Septemba ya Likasi zimebaki kama utangulizi tu, kwa tofauti ya nusu mwaka. Ni mpaka wa kikatili kwa waliofiwa pale stesheni.

Hakuna mahakama iliyomtia Kyungu hatiani kwa matukio hayo, na ripoti ya kibalozi si hukumu. Isitoshe, mtu huyu hakuanza kama adui wa Tshisekedi: mwaka 1980 wote wawili walikuwa miongoni mwa wabunge 13 waliomwandikia Rais Mobutu barua ya kumpinga. Baadaye, kuanzia 2007, Kyungu aliongoza Bunge la Jimbo la Katanga.

Mwaka 2019 Rais Félix Tshisekedi, mtoto wa Étienne, alimteua mwenyekiti wa bodi ya SNCC. Alikuwa na cheo hicho alipofariki Luanda, Agosti 2021. SNCC ndiyo kampuni ya reli yenye stesheni ya Likasi.