Mwiko uko mkononi mwa nani? Historia ya jiko la Wachina



Tukiongea juu ya China hapa kwetu, mara nyingi tunaongea barabara, migodi, simu na bidhaa za sokoni. Leo niwapeleke jikoni. Mimi nilisoma agronomi, basi kwangu chakula kinaanzia shambani na kinaishia kwenye sufuria. Ukiifuata historia ya China kwa njia ya sufuria, utaona jambo ambalo hadithi za wafalme zinalipita mbio: nani anashika mwiko, na nani anangojea na sahani mkononi.

Tuanze na nyumba. Kaskazini ya China baridi ni kali sana. Huko wakulima walijenga kitanda cha matofali kinachoitwa kang. Jiko liko pembeni, na moshi wake unapita chini ya kitanda mbele ya kutoka inje. Moto mmoja unapika chakula na unapasha kitanda ambacho watu wanalalia usiku, na mchana wanakaa juu yake kula na kushona. Kuni zilikuwa chache, kwa hiyo walichoma mabua ya shamba. Bua halikutupwa bure.

Juu ya jiko walibandika picha ya karatasi ya Zao Jun, mungu wa jiko. Kazi yake ni kuangalia jamaa mwaka muzima. Tarehe 23 ya mwezi wa 12 wa kalenda yao (sehemu nyingi za kusini ni tarehe 24), anapanda mbinguni kutoa ripoti: nani aligombana, nani aliiba, nani alimtunza mama yake. Mbele ya kuchoma ile picha, watu wanamupaka kitu cha sukari kwenye mdomo, ili aseme maneno matamu ao mdomo unate kabisa asiseme kitu. Mwaka mpya ukifika, wanabandika picha mpya. Mukumbuke hii ripoti yenye sukari, tutairudilia.

Jiko njo lilikuwa alama ya jamaa yenyewe. Ndugu wakigawana mali ya baba, wanaweza kubaki ndani ya lupango moja, ukuta kwa ukuta. Lakini kila mmoja akiwasha jiko lake, watu wanajua: hizi sasa ni nyumba mbili.

Sasa tuende muji. Wakati wa utawala wa Tang, muji mkuu Chang'an ulikatwa vipande vipande kwa kuta, na usiku milango ya mitaa ilifungwa. Wakati wa Song (960–1279), mambo yalifunguka. Ndani ya Kaifeng, mtu mmoja jina lake Meng Yuanlao aliishi kule mbele muji uanguke mikononi mwa Wajurchen mwaka 1127. Alikimbilia kusini, na mwaka 1147 akamaliza kitabu cha kumbukumbu ya ule muji uliopotea. Anaeleza masoko ya usiku yaliyoendelea paka usiku wa manane, na mbele jua litoke mengine yanafunguliwa tena. Anasema pia kwamba jamaa nyingi za wafanyabiashara zilikuwa zinanunua chakula tayari barabarani, hata mboga haziweki nyumbani. Yaani malewa yao ilikuwa imepangwa vizuri karibu miaka 900 iliyopita!

Nani alikuwa analisha watu wote wale? Hapa agronomi inaingia. Mwaka 1012, kulipokuwa ukame, mfalme Zhenzong aliamuru mbegu za mpunga wa Champa, vipimo 30,000, zitolewe Fujian na kugawiwa wakulima wa bonde la mto Yangzi na sehemu za jirani. Champa ni inchi iliyokuwa mahali pa Vietnam ya kati leo. Ule mpunga ulikomaa haraka na ulivumilia ukame, basi sehemu nyingine wakulima waliweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Kisha, kwenye miaka ya 1590, kiazi kitamu kutoka Amerika kikafika Fujian kupitia Luzon, kisiwa cha Ufilipino. Ni mmea uleule ambao majani yake sisi tunakula kama matembele, na uliotufikia kwa upande mwingine wa dunia. Kule China ulipanda kwenye milima ambako mpunga hauwezi. Hata leo, Beijing ikiwa na baridi, utakuta mtu pembeni ya barabara anachoma viazi vitamu ndani ya pipa la chuma.

Paka hapa mwiko ulikuwa mkononi mwa jamaa, ao mkononi mwa muuzaji wa barabarani. Mwaka 1958 ukabadilisha hayo.

Mao Zedong alitangaza Mruko Mkubwa Mbele. Vijiji viliunganishwa kuwa komuni, na watu wote wale kwenye jiko moja la jumla. Masufuria ya nyumbani yalichukuliwa, mengi yakayeyushwa ndani ya vitanuru vya kijiji ili kutoa chuma, na sehemu nyingi chuma kile hakikufaa kitu. Majiko ya nyumbani yalivunjwa. Miezi ya kwanza watu walikula kushiba, juu waliambiwa mavuno hayana mwisho.

Shambani je? Waliamriwa kupanda mbegu karibu karibu na kulima kwa kina kupita kiasi. Mtu yeyote aliyesoma mwaka wa kwanza wa agronomi anajua mimea ikibanana inagombania mwanga, maji na chakula. Ndege shomoro waliuawa kwa wingi kama maadui wa nafaka, kumbe walikuwa wanakula wadudu pia. Mwaka 1960 serikali ikamutoa shomoro kwenye orodha ya maadui, ikamuweka kunguni.

Lakini mbegu na ndege peke yao hazikuua watu wengi vile. Ripoti ziliua. Kiongozi wa komuni aliandika mavuno mara mbili, mara kumi, juu jirani yake aliandika hivyo na aliyesema ukweli aliitwa adui. Serikali ikachukua nafaka kulingana na hesabu ya karatasi. Iliyobaki kijijini haikutosha, na nyumbani hakukuwa tena jiko wala sufuria ya kuchemsha hata majani. Mwenye kushika upawa kwenye jiko la jumla aliamua nani apate uji mzito na nani apate maji. Kati ya 1959 na 1961 njaa iliua watu ambao wanahistoria wanawahesabia kati ya milioni 15 na zaidi ya milioni 40. Katikati ya mwaka 1961 yale majiko ya jumla yakaachwa.

Kuponi za nafaka, zilizoanza mwaka 1955, zilibaki paka 1993. Kwa miaka mingi, ukitaka sahani ya tambi muji, pesa peke yake haikutosha, ulihitaji kuponi. Mwisho wa mwaka 1978, wakulima 18 wa kijiji Xiaogang, ndani ya Anhui, walitia alama za vidole kwa siri kwenye karatasi ya kugawana mashamba kwa jamaa. Walikubaliana kwamba viongozi wao wakifungwa, wengine watalea watoto wao. Serikali ikakuja kuunga mkono njia ile. Nafaka ya China ilipanda kutoka tani karibu milioni 305 mwaka 1978 kufika tani milioni 407 mwaka 1984. Mwaka 1980, mama mmoja, Liu Guixian, akafungua ndani ya Beijing mgahawa mdogo unaoitwa Yuebin, unaojulikana kama mgahawa wa kwanza wa mtu binafsi kule muji tangu mageuzi. Baada yake wauzaji wa barabarani walirudi kwa wingi.

Kwa nini niliwaandikia haya? Juu wengi wetu hapa, diploma ikiisha toka, kazi ya kwanza inakuwa kuandika ripoti: mradi wa mihogo, ugawaji wa mbegu, idadi ya jamaa zilizosaidiwa. Mkubwa anataka namba nzuri, mfadhili anataka namba nzuri. Ile sukari ya Zao Jun, jamaa ilimupaka kujikinga na hakuna mtu aliyekufa nayo. Sukari ya mwaka 1958 ilipakwa na watu waliosoma, wenye kalamu na muhuri, na aliyelipa ni mama wa kijijini ambaye jiko lake lilikuwa limevunjwa.

Basi nawauliza, na mujibu hapa chini: ukifika shambani ukute ekari moja imetoa magunia manne, na formulere inangojea kumi, utaandika ngapi?